Maiti Asiye na Mtani

Mohamedhussein mwenye duka alifariki Jumanne alfajiri, na ilipofika saa tatu asubuhi tulikuwa tumejaa uani kwake, na adabu zetu zote. Wanaume walikaa mikekani wakinong'ona. Wanawake walichambua mchele kimya. Hakuna aliyemsema marehemu kwa baya wala kwa mzaha, na heshima hiyo ndiyo iliyomchoma Zehra, binti yake.

Kwetu Kibiti maiti hastahiwi hivyo. Akifa Mndengereko, mtani wake huja akavaa kofia yake, akaigiza kikohozi chake, akataja uchoyo wake na wanawake wake, kisha akalala mlangoni jeneza lisitoke. Wafiwa wanatakiwa wacheke. Akinuna mmoja wao, ameaibisha ukoo. Anayezikwa bila kutaniwa ni mgeni, mtu aliyekuwa anapita njia kifo kikamkuta hapa.

Mndengereko ana mtani wake Mnyamwezi tangu enzi za misafara. Mngoni ana watani kila alikopita na mkuki. Hata Msukuma, aliyeshuka juzijuzi na ng'ombe wakala mpunga wetu, alikuta utani umeshamtandikia mkeka, kwa kuwa ni ndugu wa Mnyamwezi. Mhindi hana. Babu wa babu yake Mohamedhussein aliuza chumvi hapa Mjerumani angali hajajenga boma. Serikali ilipotaifisha majumba, ndugu walipanda ndege, yeye akabaki na pipa lake la mafuta ya taa. Miaka sabini na minne aliishi nasi, na mtani hakupata.

Imran, mdogo wa marehemu, aliingia kutoka Dar na gari la kubebea maiti.

"Tunampeleka mjini," alimwambia Zehra. "Kule kuna makaburi yetu na watu wetu."

"Baba alitaka kuzikwa hapa, ami."

"Azikwe na nani? Na hawa?" Alituonyesha kwa kidevu, kana kwamba Kiswahili hatukijui. "Hawa wamefuata wali. Nionyeshe mtu mmoja anayemhesabu kuwa wake. Adhuhuri ikifika hujamwonyesha, naondoka naye."

Zehra akavaa kandambili, akatoka. Wengine tukamfuata, maana msiba usio na kituko unachosha.

Alikwenda stendi, kwa Mashaka fundi baiskeli. Babu yake Mashaka alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi. Mashaka mwenyewe Tabora hajaiona hata siku moja, lakini misibani hakuna ulimi unaoogopwa kama wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na msiba." Hakuinua macho kwenye tairi.

"Nimekuja kukuita. Njoo umtanie baba."

Mashaka alicheka hadi spana ikamponyoka. "Nimtanie Mhindi? Kwa vita gani tuliyopigana? Utani hauuzwi, mwanangu. Ungeuzwa, baba yako angetupimia kidogo kidogo, na kidole kakiweka kwenye mizani."

Tukacheka. Zehra hakuondoka.

"Babu yako alibeba mizigo, na mizigo ilikuwa ya babu zetu. Walitembea njia moja."

"Naam, njia moja. Mmoja kichwani kwa mwenzake." Akajipangusa grisi. "Watani ni watu waliochinjana wakachoka, au waliokufa njaa pamoja. Mpagazi na mwenye mzigo hawataniani. Mmoja akifa, mwenziwe anapumzika shingo."

"Basi njoo umseme kwa chuki. Mradi useme."

Hapo Mashaka akainua kichwa.

"Utacheka?"

"Nitacheka."

"Nikisema lolote?"

"Lolote, mzee."

"Sheria unaijua. Ukinuna tu, baba yako anapanda gari la Imran, na mimi nitamfungulia mlango."

Alikuja kabla ya adhuhuri. Zehra mwenyewe alimkabidhi kofia ya marehemu na miwani yake. Jeneza lilikuwa katika chumba cha nyuma ya duka, nasi tulijibana mlangoni na madirishani. Mashaka alizunguka kaunta, akatunisha tumbo, akapiga chafya tatu kama alivyopiga marehemu kila asubuhi.

"Usiegemee kabati! Wewe ukivunjika utapona, kioo hakiponi!"

Uwanja ulipasuka. Kicheko kile tulikuwa nacho tumboni miaka mingi, tumekosa ruhusa tu. Mashaka akaigiza mwaka wa mafuriko, Mohamedhussein anakimbia na mizani kichwani, mkewe kamwacha nyuma maji yakimfika kiunoni: "Malekbanu, njoo! Lakini kwanza shika hiyo gunia!" Bi Malekbanu mwenyewe, mjane wa tangu alfajiri, alijifunika uso kwa mtandio na mabega yakatikisika. Ilikuwa kweli tupu. Zehra alicheka, akamtazama ami yake kama anayemwambia: unaona?

Kisha Mashaka akaegemea kaunta, sauti ikashuka.

"Sasa anakuja mshenga. Mshenga ni mimi. Mwaka wa kumi na sita huu. Mwinjuma, mkata mikoko wa kule deltani, kanituma na barua ya posa. Hodi, mzee! Kijana anamtaka Zehra."

Akaipandisha miwani puani. "Barua? Lete." Akasoma hewani, midomo ikicheza. "Aliisoma yote, jamani, tusimsingizie maiti. Mara mteja akaingia, anataka sukari robo." Akakunja karatasi isiyokuwepo, taratibu, kwa ufundi wa muuza duka, akaifanya kifuko, akamimina, akafunga ncha. "Haya, mama, sukari yako. Nani mwingine?"

Hapo kicheko kilitupungua. Miaka kumi na sita Zehra alikuwa akituambia kwamba Mwinjuma alimchezea, hakutuma mtu. Mwanamume huyo alipompa salamu barabarani, Zehra alitema mate. Posa zilizofuata alizikataa zote, akisema wanaume ni wamoja. Sasa Mwinjuma ana mke na watoto wanne huko kijijini Mkongo.

Zehra alimgeukia mama yake. Bi Malekbanu alikuwa anautazama mkeka.

Mashaka alitoka nyuma ya kaunta, akajilaza kizingitini. "Jeneza halitoki. Au nacheka peke yangu?"

"Huyu mzee mwendawazimu!" Imran alikwishatoa simu. "Naita polisi!"

Sote tulimtazama Zehra. Tuseme kweli: wengi wetu tulitaka anune.

Alicheka. Mwanzo kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, kisha kwa sauti, kinywa wazi, machozi yakimtoka na asiyafute. Na kwa kuwa mtani hujibiwa, akasogea akamsimamia Mashaka kichwani.

"Umelala vizuri, baba Kheri?"

"Vizuri mno."

"Lala, baba, ufaidi mlango wa watu. Kwako jeneza halikupita. Ungetia nini ndani?"

Kheri alikuwa mwana wa Mashaka, dereva wa bodaboda. Ile miaka watu walipokuwa wanapotea huku kwetu, alimpakia abiria asubuhi, na mpaka leo si yeye wala pikipiki iliyorudi. Jina hilo hatukuwa tunalitaja mbele ya baba yake. Tuliacha hata kumwita baba Kheri.

Mashaka alibaki chali na miwani ya maiti usoni. Lakini sheria aliijua kuliko sisi sote. Akafungua kinywa, akacheka, kicheko kifupi, kikavu.

"Loo! Huyu kang'ata mpaka mfupa!" Akainuka, akaiweka kofia juu ya jeneza. "Nyanyueni. Mnyanyueni mtani wangu, tumpeleke makaburini kwetu." Akatia bega pembe ya mbele. Imran akarudisha simu mfukoni, akashika pembe ya nyuma.

Uani, kwenye sufuria kubwa ya wali, alikuwepo Salama, mke wa Mashaka. Salama ni Mndengereko. Utani wa mumewe na Mhindi hakuusaini yeye. Yeye ndiye aliyemzaa Kheri. Aliulaza mwiko juu ya kifuniko, akaifunga upya kanga yake, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kumuaga mtu.

Zehra alimwona. Akapiga hatua mbili, na jirani yake Warda akamdaka mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwomba radhi."

"Ukiomba radhi, neno lako litakuwa tusi, si utani tena. Na baba yako hata kaburini hajafika."

Nje sauti za wanaume zilikuwa zinaitikia shahada, zikienda mbali. Zehra aliutazama ule mlango wa nyuma. Wali ulianza kunuka kuungua, na sisi wanawake hatukunyanyuka. Tulikuwa tunangoja tuone atafanya nini.

Akaokota mwiko, akakaa kwenye kigoda cha Salama, akaanza kugeuza.