Hodi kwa Bibi wa Kimarekani

Siku ile mjinga alikuwa Twalib, na lau angepata nafasi angekiri mwenyewe.

Jumba la sanaa la Wamarekani, pale mtaani Jeppestown, lilikuwa linafungwa miezi kadhaa ili picha zake zipangwe upya. Twalib, mtoto wa Tanga, alipata kibarua cha kuzivika mablanketi na kuziteremsha stoo. Mwenzake alikuwa Clémentine, mama wa Bukavu aliyesuka nywele mtaa wa Berea mpaka saluni ikamfia mikononi. Msimamizi wao, Gaston, alikuwa mtu wa kuhesabu picha tu, vicheko hakuvihesabu.

Kufika adhuhuri kuta zilishabaki na misumari mitupu. Picha moja tu ilikuwa bado, chumba cha mwisho: bibi wa Kimarekani mwenye gauni jeusi, ameketi mezani, mikono mapajani. Ng'ambo ya meza kulikuwa na kiti kitupu.

Twalib, ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, akasimama mlangoni akapiga mwimo kwa mbwembwe.

"Hodi, hodi! Mwenye nyumba, wageni tumefika!"

"Karibu ndani," sauti ikajibu. "Karibu kiti."

Akacheka. Nani mwingine kama si Clémentine kajibanza huko ndani?

"Ahsante, nimeshakaa," akasema, kama tujibuvyo sote tukiwa na haraka, hata makalio hayajakiona kiti. Akaingia.

Chumba hakikuwa na mtu. Kilinuka kahawa.

"Unasemaka na nani?" Clémentine akauliza nyuma yake, ndiyo kwanza amemaliza ngazi na blanketi begani. Akaitazama picha. Blanketi likamponyoka. "Twalib. Kofia yako iko wapi?"

Twalib akajipapasa kichwa. Kitupu. Kofia yake ya sufu ya kijani ilikuwa kwenye picha, juu ya kichwa cha mwanamume aliyeketi kwenye kile kiti, mgongo kwao.

Gaston akaingia akihema. "Clémentine, Twalib iko wapi? Hii ya mwisho ishuke, tufunge stoo mpaka siku ya kufungua."

"Nipo hapa, bosi!" Twalib akampungia mkono usoni. Gaston akatazama kulekule, akaona ukuta, akaanza kuokota blanketi.

Clémentine akamsogelea Twalib, akanong'ona. "Mimi niliyesikia hodi yako bado nakuona, lakini miguu yako inafutika. Sikia, kaka. Uliingia kwa hodi, basi utoke kwa kuaga. Aga mbio!"

"Nimuage nani, mama? Rangi ya mafuta?"

"Huyo uliyempigia hodi! Eish, hata leo unachekaka?"

Twalib hakuwa anacheka tena. Alimfikiria Zubeda, chumbani kwao Joubert Park, amefunika chakula cha mumewe kwa sahani. Na stoo ile ya chini haina hata dirisha. Akaigeukia picha, akainama.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuaga."

"Marahaba. Mbona mapema? Kahawa bado."

"Mke wangu ananingoja, bibi."

"Basi inuka uende zako. Mgeni haagi akiwa ameketi."

Akajaribu kurudi nyuma. Magoti yakagoma, yamekunjika kama ya mtu aliye kitini, na chini ya mapaja akausikia ubao mgumu, wa baridi.

"Bibi, hapa pana dhuluma!" akapiga kelele. Gaston alikuwa ameshalikunjua blanketi, analinyanyua kuelekea kwenye fremu. "Mimi sikukaa! Kiti chako sijakigusa hata kwa kidole. Nilikuwa natania tu! Muulize Clémentine!"

Bibi akageuza shingo, polepole, rangi kavu ikilia kama udongo unaopasuka.

"Nilikukaribisha kiti, ukaniambia umeshakaa. Haya, mjukuu wangu, kati yetu mwongo ni nani?"