Kivuli Alichosahau Kufuta

Picha za Waringa zote zilikuwa tupu, na yeye alijivunia hilo. Aliishi Kayole, mahali ambapo ukinyoosha mkono dirishani unashika nguo za jirani, lakini aliuza picha za nchi isiyo na mtu: ukungu, mawe, maji, kipande cha mbingu. Nyaya za stima alizifuta kwenye kompyuta. Mbuzi, mifuko ya plastiki, wapita njia, wote walifutwa. "Picha ni kile unachoondoa," alipenda kusema, na wenzake wakamcheka kwamba siku moja atamfuta na mwenye nyumba.

Ndiyo maana Fadumo alimpenda. Mama huyu alikuwa na duka la vitambaa kule mtaa wa Tena, na alitaka picha kubwa ya kutundika kwenye ukuta wa mbele yake anaposwali. Sharti lake lilikuwa moja: kisiwemo kiumbe chenye roho, hata ndege.

Waringa akaenda kwenye timbo la zamani nyuma ya Kayole, lile shimo kubwa ambalo wachimba mawe waliliacha likajaa maji. Alfajiri ile yalikuwa yametulia kama maji ya mtungini. Ng'ambo ya pili ukuta wa mawe ulijirudia ndani yake, juu na chini sawasawa. Alipanga picha yake kwa subira: mwamba mweusi kushoto, mwanga kulia, ukingo ukikatiza katikati. Na pale pale ukingoni alisimama kijana mmoja, mkono kisogoni, akitazama chini.

Alipiga moja ya kupima mwanga, kisha akapaza sauti. "Buda, songa kidogo! Uko ndani ya picha yangu!"

Kijana aliinua uso kama aliyeamshwa. "Pole, sister," akajibu, akaanza kusogea kando kando ya ukingo.

Waringa aliinama kurekebisha lenzi. Akasikia mawe yakiporomoka, lakini timboni mawe huporomoka kila siku. Alipoinua kichwa, ukingo ulikuwa mtupu, na maji yamejaa viduara vinavyotanuka hadi miguuni pake. Akasonya. Alipiga moja hivyo hivyo, akangoja maji yatulie, jua likamtangulia likaharibu rangi. Basi akarudi nyumbani, akachukua ile ya kwanza, akamfuta yule kijana. Macho hayana pazia, watu husema. Ya Waringa yalikuwa nalo, tena alilishona mwenyewe.

Fadumo aliipenda picha. Siku hizo alikuwa na uchungu wake: Mumin, mwanawe, aligombana naye akatoka nyumbani bila kuaga, na simu yake haikupatikana tena. Watu walimwambia ameshafika Afrika Kusini kama vijana wengine. Fadumo alimkasirikia na kumwombea kwa pumzi ile ile, mbele ya ukuta ule.

Kisha alasiri moja akapiga simu. "Waringa, njoo. Kuna mtu kwa maji yako."

Waringa alikwenda na kompyuta yake kwenye mkoba. Akasimama mbele ya picha. Juu, ukingo ulikuwa mtupu. Chini, ndani ya maji, mtu alisimama kichwa chini, mkono kisogoni. Alimfuta mwenyewe akasahau kivuli chake, kosa ambalo hata mwanagenzi angelionea haya.

"Woiye, nisamehe, Mama Mumin. Nitakutolea huyo sasa hivi."

"Usimguse." Fadumo alikuwa ameketi juu ya msala wa kuswalia, sauti yake kavu. "Hivyo ndivyo Mumin husimama nikimgombeza. Huyu wa juu yuko wapi?"

Waringa alifungua kompyuta, akamwonyesha picha kabla haijaguswa. Fadumo aliweka kidole juu ya kioo, juu ya shati la kijana.

"Ni yeye, walahi. Halafu alienda wapi?"

Hapo angeweza kudanganya. Angesema alijiendea zake, na mama angebaki na Afrika Kusini yake. Lakini Waringa alikuwa ameanza kuogopa kile ambacho tayari alikijua, na kukiogopa peke yake hakuweza. Akafungua picha iliyofuata: ukingo mtupu, na viduara majini.

"Nilimwambia asonge," akasema. "Nilitaka picha. Akaniambia pole."

 Fadumo alivitazama viduara vile mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Wazamiaji walimtoa Mumin chini ya ule ukingo, alikobanwa na mawe, akazikwa haraka kama dini inavyotaka. Waringa alisimama nje ya geti la Fadumo wakati wa matanga, akingoja kulaaniwa. Hakuna aliyemlaani, na hilo ndilo lililomtesa.

Baadaye Fadumo alipanda ngazi zote hadi chumbani kwa Waringa, Kayole, amebeba picha iliyofungwa kwa kitambaa cha dukani.

"Nikuchapishie ingine, Mama Mumin? Safi kabisa?"

"La. Wangu nimemzika." Aliiegemeza ukutani. "Huyu aliyebaki ni wako."

Waringa aliitundika mbele ya kitanda. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, wasema wahenga. Yeye aliambiwa, na kila asubuhi akifungua macho anamkuta aliyemwambia, kichwa chini, mkono kisogoni.