Saa za Kuandika

Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri Halfani alikula muhogo wa kuchoma, akanawa mikono mpaka viwiko, akaketi mkekani barazani kwake Naipingo na kuandika kurasa sita kwa kalamu ya kuchovya. Hakufuta neno. Likimkaa vibaya aliliacha, akaandika jingine mbele yake. Mchapaji hakuwa naye. Madaftari aliyashona mwenyewe kwa uzi wa katani, na watu walikuja kuyaazima kutoka Ruangwa hadi Nambilanje.

Mwaka wa arobaini na tisa alianza riwaya yake ya nne, akamtia humo Jumbe Mbaruku, kwa jina lake na kwa kovu lake la shavuni. Mwaka uliotangulia Jumbe aliwaambia wazungu wa mradi wa karanga kwamba shamba la Bi Sabaha, mama yake Halfani, halina mwenyewe. Akatia dole gumba kwenye karatasi. Matrekta yakang'oa mikorosho kumi na minane, yakapita na juu ya makaburi ya wazee wao.

Halfani alipoandika kwamba Jumbe alisimama barazani, Jumbe alikuwa amesimama barazani. Upande mmoja wa uso ulikuwa na povu, maana alikuwa akinyolewa kwake.

"Umeniita?"

"Nakuandika," alisema Halfani.

Jumbe alitaka kuondoka, miguu haikunyanyuka. Halfani alipoiweka kalamu chini, miguu ikanyanyuka, naye akaenda zake kumalizia ndevu.

Tangu hapo ikawa hivyo. Kalamu ikigusa wino, Jumbe yupo, hata kama alikuwa sokoni Nachingwea, hata kama tonge lilikuwa mdomoni. Watu walizoea. Wenye kesi wakawa wanamsubiri uani kwa Halfani. Mke wa Jumbe, Mwamini, alimletea uji, na siku moja akaleta na kigoda.

"Aketi kidogo, baba. Magoti yanamuuma."

"Kwenye hadithi amesimama, mama."

Mwamini akarudi na kigoda chake.

Kurasa sita zikawa kumi, kumi zikawa ishirini. Halfani alijifunza kuandika polepole. Aliweza kuieleza kanzu ya Jumbe kuanzia kola mpaka upindo hadi adhuhuri ikaingia, jua likimpiga Jumbe utosini. Hadithi ilikuwa imekwisha zamani, na mwenyewe alijua. Aliongeza sura.

"Niue humo ndani, mwanangu," Jumbe alisema mwaka wa tatu. "Nipumzike."

"Rudisha shamba."

"Siwezi. Karatasi ilishakwenda Lindi."

"Basi simama."

Shamba lilikuwa pale pale, tupu. Karanga hazikustawi, matrekta yaliondoka, wala hakuna aliyeruhusiwa kulima. Bi Sabaha alipita kandokando yake kwenda kisimani bila kugeuza shingo.

Mwaka wa hamsini na tano aliugua kifua.

"Jumbe atakuja kunizika," alimwambia mwanawe. "Atashika jeneza, atasema maneno mazuri. Sitaki mkono wake."

"Hatakushika, mama."

Alifariki Ijumaa, jua halijapanda. Jumbe alivaa kanzu nyeupe, akafika mapema kwa baiskeli, akachukua nafasi ya mbele. Jeneza lilipoinuliwa, Halfani aliketi mkekani na kuchovya kalamu. Jumbe, ambaye bega lake lilikuwa limekwisha kuingia chini ya mti wa jeneza, akajikuta barazani. Mtu mwingine akashika pale, msafara ukaondoka. Kaburi lilichimbwa kwenye ardhi ya kuombwa, mwendo wa saa nzima.

"Halfani," alisema Jumbe, "mama yako anazikwa."

"Najua."

"Nani anaingia kaburini kumpokea?"

Halfani aliandika. Angeiweka kalamu chini, miguu ya Jumbe ingefunguka, na baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Alieleza vifungo vya kanzu, kimoja kimoja. Alieleza lile kovu. Mkono ulipokufa ganzi aliushika kwa mkono mwingine.

Watu waliporudi, na udongo mwekundu miguuni, alikuwa kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Mjomba wake, Saburi, aliinama kwenye mkeka.

"Nimeingia mimi kwa niaba yako," alisema. "Tulikungoja kidogo, halafu tukafukia."

Halfani alimshukuru, akafungua daftari jipya.