Matanga ya Muderhwa

Honi ya meli iliposikika nyuma ya rasi, Muderhwa alikuwa anakula viazi vitamu na sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Alimeza kilichokuwa mdomoni, akanawa mikono, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaenda kulala kaburini mwake. Mkewe, Joséphine, aliifunika sahani ili nzi wasifaidi, akaendelea kumenya vitunguu.

Wageni wakija kukuona, si adabu wakukose. Ndivyo Muderhwa alivyolelewa kwao Bukavu, na kufa hakukumharibu tabia. Kaburi lenyewe lilikuwa mwisho wa migomba yao, karibu na maji, na msalaba wa mkaratusi wenye jina ambalo si lake. Aliinua mbao, akajilaza, akazirudisha juu yake na udongo kidogo wa kupendezesha. Watalii waliteremka kwenye meli, wakasimama kulizunguka kaburi, wakavua kofia. Baadhi yao walilia kweli kweli. Walipomaliza kulia walipiga picha, wakarudi melini kula.

Meli hiyo ilikuwa ya watu waliokuja likizo na walioipenda sana filamu moja. Ilitokea Rubavu, ikalala Karongi, ikaishia Rusizi, na kila iliposimama wageni walionyeshwa mahali palipopigwa picha. Walionyeshwa dirisha ambapo daktari wa kizungu wa filamu hiyo alisimama akitazama mvua, nalo ni dirisha la kinyozi, na mvua ilikuwa ya mpira wa maji. Walionyeshwa ngazi ambapo daktari huyo alibusiwa kwa mara ya kwanza, ambazo ni ngazi za choo cha soko. Wageni walibusiana hapo wawili wawili, na wenye haja zao wakasubiri kwa heshima mlangoni. Mwisho kabisa, kama tamutamu baada ya mlo, waliletwa kwa Muderhwa.

Katika filamu ile Muderhwa ni mgonjwa wa homa, mwenye jina lile la msalabani. Hasemi neno, anakohoa tu, na anakufa mapema ili daktari apate kusimama kando ya ziwa na shali yake inayopepea, na kuelewa kwamba maisha ni mafupi. Watu wa rasi, ambao walikuwa wameshaelewa jambo hilo bila shali, walialikwa wote kushiriki.

Kosa lilitokea siku ya mazishi. Mwongozaji wa filamu, ambaye watu walimwita Papa Filme kwa kuwa jina lake la kweli lilikuwa refu na la puani, aliwakusanya wanawake wa jirani, akamlaza Muderhwa kwenye mkeka na unga usoni, akawaambia kwa mkalimani walie kama wanavyolia siku zote. Sasa, hilo ni neno ambalo huwezi kumwambia Maman Eugénie. Maman Eugénie ndiye mlizi mkubwa wa upande ule wa ziwa, na hajui kulia nusu. Kwa kuwa Joséphine alikuwa sokoni, alianza yeye: alimlilia Muderhwa kwa jina, akamlilia kwa jina la baba yake, akakumbusha umati mbuzi ambaye marehemu aliwahi kumwazima kwake na jinsi alivyomrudisha amenona. Wanaume waliwasha moto, wakakaa kuuzunguka. Muderhwa akiwa pale kwenye mkeka alihisi miguu inaanza kupoa. Alinyamaza, maana hakutaka kuwaharibia watu kazi yao.

Kisha Papa Filme akapiga kelele neno lake la kusimamisha, akapiga makofi, kamera zikafungwa masandukuni. Wanawake walibaki vinywa wazi, kilio kikiwa njiani. Kabla jua halijazama wageni walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Walioanzisha matanga wanapaswa kuyavunja. Kila mtu wa huku anajua hivyo, na asiyejua hufundishwa siku anapofiwa. Aliyewaita watu ndiye husimama siku ya mwisho, akawashukuru, akaonja pombe ya ndizi, akamwaga kidogo chini na kusema yamekwisha. Watu wananawa mikono na kurudi makwao, marehemu anajua alipo na walio hai wanajua walipo. Matanga ya Muderhwa yaliitishwa na Papa Filme, na Papa Filme aliondoka bila kuyavunja. Joséphine alimwomba Maman Eugénie ayavunje yeye.

“Maman Josée, siwezi kuiba matanga ya muntu,” alisema Maman Eugénie. “Yeye ndiye aliita batu. Yeye ndiye atabaambia barudi nyumbani.”

Basi Muderhwa akabaki amekufa. Si kwamba hakuamka, aliamka siku ileile, akapangusa unga, akauliza kama kuna chakula. Lakini alikuwa baridi kama chungu kilicholala nje, mbu hawakumgusa, na kuku walipita juu ya miguu yake bila kuomba njia. Kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza, alipotaka kuvuka kwenda kwao Bukavu, mashine ilikataa vidole vyake. Afisa, kijana mwenye heshima, alimweleza kwamba marehemu huvuka kwa karatasi nyingine, ndani ya sanduku na kwa gari, na akampa pole ya msiba. Umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, ulipofika, hakuna aliyekuja kumgongea aende kuzibua mitaro. Muderhwa aliona hilo si jambo baya sana.

Mzigo wote ulimwangukia Joséphine. Padri alipoulizwa alijikuna kidevu, akasema ndoa yao ilikuwa mpaka kifo, na kifo kimeshafika, kwa hiyo wakilala chumba kimoja itakuwa uzinzi. Muderhwa akahamia jikoni, akawa anaingia kwa mlango wa nyuma. Joséphine akavaa nyeusi na kujifunga kitambaa cheusi. Alikuwa mchuuzi wa nyanya Bukavu, mwanamke aliyejulikana kwa mdomo wake, ambaye akibishania bei hata wauza samaki walikuja kusikiliza. Sasa hakuna aliyebishana naye, kwa sababu mfiwa habishaniwi. Alitaja bei, wakakubali. Alipunguza, wakakubali. Alipandisha mpaka ikawa matusi, wakakubali pia, na kumwambia Mungu atamtia nguvu. Alirudi nyumbani na karai tupu na moyo mzito, akamkuta marehemu anamwuliza chumvi iko wapi.

Alichoka. Alitaka mume mwenye joto kitandani mwake, na alitaka kugombana sokoni. Hakuomba kingine, na kwa hayo mawili alimsumbua Christelle kila meli ilipokuja, amwite Papa Filme.

Christelle ndiye aliyewatembeza watalii. Alikuwa na kipaza sauti, kofia ya kampuni na lugha nne, na hakuwa na moyo mbaya. “Maman Joséphine, ule muntu iko mbali sana,” alijibu kila mara. “Hata barua pepe hasomi. Iko artiste.”

Halafu siku moja akapiga simu kutoka Karongi, meli ilipolala.

“Maman, kaa chini. Papa Filme iko ndani ya bateau yetu. Iko vacances, anapumuzika na bibi yake. Kesho tuko kwako.”

Joséphine hakukaa chini. Alikwenda kwa Maman Eugénie, akaenda kwa mwenye pombe ya ndizi, akaazima viti kwa walokole na vikombe kwa Waislamu, akafagia njia kutoka ziwani hadi kaburini. Usiku alilala kwa shida. Muderhwa kule jikoni alikoroma vizuri tu.

Papa Filme aliteremka na kaptura, kitambi na kofia ya majani. Mkewe alibaki kivulini kwa sababu ya goti linalomuuma. Muderhwa alikuwa tayari chini ya mbao zake, na wanawake wote walikuwa kwenye mikeka, wakimtazama mgeni kama watu wanaomtazama fundi aliyechelewa. Papa Filme alilitazama kaburi kwa muda. Alisema, na Christelle akatafsiri, kwamba katika kazi zake zote hakuna alichokipenda kama kifo hiki.

“Mwambie asante,” alisema Joséphine. “Kisha mwambie bwana yangu iko humu ndani, na iko anangoja.”

Alimweleza yote kwa ufupi: mkeka, vilio, neno la kusimamisha, baridi, mpaka, padri, nyanya. Papa Filme alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa penye huzuni. Hakushangaa. Mtu aliyezoea kuwafufua watu wakale chakula cha mchana hashtuki kwa kuambiwa mmoja alisahauliwa. Aliuliza tu afanye nini.

“Ushike kopo hii ya pombe. Unywe kidogo, umwage kidogo. Useme: asanteni, matanga imeisha, kila muntu arudi kwake,” alisema Joséphine.

Alishika, akanywa, akakunja uso kidogo, akamwaga. Maneno aliyasema kwa ulimi mbovu, lakini aliyasema yote. Maman Eugénie akasema “Amina,” karai la maji likapitishwa, watu wakanawa mikono.

Mbao ziligongagongwa kutoka chini. Muderhwa akainuka, udongo ukimteleza mabegani, na jasho lilikuwa linamtoka. Mbu mmoja alitua shingoni mwake akamng'ata, naye akampiga kibao. Kuku aliyekuwa anachakura pembeni alimpisha. Joséphine alimshika mkono, nao ulikuwa moto kama mkate unaotoka kwa mwokaji, na furaha ikamjaa mpaka akaona haya mbele za watu. Alikifungua kitambaa cheusi, akakishika tu, maana hakujua akiweke wapi.

“Nipe maji, Maman,” alisema Muderhwa. “Kiu iko mingi.”

Watalii walipiga makofi. Papa Filme hakupiga. Alikuwa amerudi nyuma, jicho moja amelifumba, vidole ameviweka mraba mbele ya uso. Alisema jambo kwa sauti ya chini, na Christelle alichelewa kidogo kulitafsiri.

“Anasema iko muzuri sana. Anasema mwangaza wa leo unapita ule wa siku ile. Anaomba mara moja tu tena, tangu mwanzo. Ni juu ya souvenir, ya kukumbuka tu.”

Tayari alikuwa ameitoa simu yake. Muderhwa, ambaye maishani hakuwahi kumnyima mgeni kitu, alilirudisha kopo la maji alilokuwa ameshapewa bila kunywa, akajilaza, akafumba macho. Joséphine alifungua mdomo kusema hapana. Papa Filme akainua mkono, akapiga kelele neno lake la kuanzisha.

Wanawake wote walimgeukia Joséphine. Kwao mke akiwapo ndiye huanza. Wengine hawawezi kumtangulia, hata walizi wakubwa, hata Maman Eugénie. Na mke anayekaa macho makavu wakati mume wake amelazwa chini mbele ya majirani wote, habari zake hufika soko la Bukavu kabla ya nyanya zake. Hapo mumewe alikuwa amelala, udongo kwenye nyusi. Hapo palikuwa na mikeka, karai na wageni. Joséphine hakuamua neno lolote. Koo lilifunguka lenyewe, na kilio kikatoka kirefu, kizuri, chenye jina la Muderhwa mwanzoni na jina la baba yake mwishoni. Maman Eugénie akakipokea. Wengine wakafuata.

Papa Filme aliwazunguka na simu, machozi yakimtiririka. Kuku alipita juu ya miguu ya Muderhwa.

Honi ya meli ikalia, chakula kilikuwa mezani. Papa Filme alipiga kelele neno lake la kusimamisha, akaifuta simu kwa shati, akawabusu wanawake mikono mmoja baada ya mwingine na kushuka kwenda ziwani. Joséphine alinyakua kopo la pombe, akamfuata mbio mpaka maji yakamfika magotini.

“Papa! Haujamaliza! Ni neno moja tu!”

Christelle, akiwa juu ya ngazi ya meli, alitafsiri neno kwa neno. Papa Filme alifikiri. Alionekana anafikiri kwa dhati, mkono kwenye kofia. Kisha alijibu, na ngazi ikaanza kuvutwa juu.

“Anasema hapana, Maman,” Christelle alisema kwa kipaza sauti, kwa kuwa mtambo ulikuwa unanguruma. “Anasema hivi ni muzuri zaidi. Anasema hadithi yenye kumalizika ni ya batoto.”

Meli ilielekea Kamembe, bandari ya Rusizi. Watalii walipunga mikono, na baadhi ya wanawake, kwa adabu, walipunga pia. Maman Eugénie alikusanya vikombe vya Waislamu, akavihesabu vikatimia, akamwambia Joséphine kwamba sasa ni matanga mawili juu ya mtu mmoja, na kwamba yeye binafsi hajawahi kuona hivyo lakini hatashangaa kuona tena. Watu walirudi makwao bila kunawa.

Muderhwa aliziweka mbao zake vizuri, akamsaidia mkewe kubeba viti. Walipanda kati ya migomba. Mkono wake ulipogusana na wa Joséphine, ulikuwa baridi.

“Mara hii,” alisema, “ni nani alianza kulia?”

“Ni miye.”

Muderhwa alitembea kidogo, kiti kikimgonga gotini.

“Nilisikia,” alisema. “Ulilia muzuri.”

Alisema kwa kumsifu, na Joséphine akashukuru, kwa kuwa alijua ni kweli. Alijifunga kile kitambaa cheusi kichwani, akaingia kwa mlango wa mbele. Muderhwa akazunguka nyuma.