Nondo Imekuja

Mwaka mzima niliitwa Kache wa Jani. Kosa langu? Nilisema mbele za watu kwamba nondo wa kijani mwenye mikia miwili alitua kwenye karabai ya kibanda changu cha bajia, hapa Kakuyuni. Mume wangu Dena alicheka mpaka akashika mbavu. "Jani la mkorosho hilo, mke wangu!" Fundi mwashi, basi kila kitu anakijua yeye. Mwalimu Mumbua peke yake ndiye aliyenisikiliza. Aliniambia huyo ni nondo-mwezi, na kwamba nitamtambua kwa alama ya jicho moja kwenye kila bawa.

Jioni moja mwaka 1986, mafuta hayajachemka, akarudi! Alipiga-piga mabawa kwenye nguzo chini ya taa, na macho yale sikuweza kuyaona. Akiruka kabla hajaonekana na watu, nitazikwa na lile jina. Mteja wangu alikuwa mmoja tu, jirani yetu Dedan wa kutoka Nyeri.

"Dedan, kimbia kanisani, mwambie Dena nondo amekuja! Aje sasa hivi!"

Akatimka. Lakini Dedan na ngeli ni paka na panya. Kule kanisani Dena na vibarua wake walikuwa wameshinda wakingoja lori la nondo, vile vyuma vya zege, na ujenzi umesimama. Dedan akawapigia kelele: "Nondo imekuja! Iko kwa Kache!"

Walikuja wote mbio, na mkokoteni juu.

"Ziko wapi?" Dena akafoka, futi mkononi.

"Uliza yuko wapi," nikamwambia, nikaelekeza kidole.

Nondo alikuwa ametulia, mabawa wazi.

"Lina macho," kibarua Baya akanong'ona.

"Manne!" nikapiga kelele kwa furaha. "Moja kila bawa! Jani gani lina macho, Dena?"

Dena alisogea taratibu, akavuta futi, akampima bila kumgusa, kutoka kichwani hadi ncha ya mkia. "Sentimita kumi na tatu," akatangaza, kama anavyowatangazia vibarua.

Dedan alikuwa bado anashangaa. "Kwani nilisema uongo? Nondo si imekuja?"

"Amekuja, Dedan," mume wangu akasema, mbele za watu. "Sema amekuja."