Ukimpeleka Mama na Mkwewe Kwenye Michezo ya Maji

Felisita, acha kwanza kuchambua vitenge, kaa hapo kwenye stuli. Umesema vya safari? Safari ya Dar es Salaam, kuwapeleka watoto kwenye ile bustani ya michezo ya maji? Na mama yako yumo, na mumeo yumo? Hee! Na ulitaka ulipe, ufungashe, urudi zako Nkoma bila kuniuliza kitu! Mimi Scola, niliyekwenda huko na mama mzazi na mume kwa mpigo, nusura nirudi bila mama na bila mume. Kaa chini mdogo wangu. Kitenge hakikimbii.

Nianze na mambo madogo. Treni mtapandia Shinyanga, na mkiweza chukueni daraja la pili. Wanaume wanalala chumba chao na wanawake chao, kwa hiyo watoto wagawaneni mapema, la sivyo watalia mpaka Tabora. Bebeni michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga za kutosha, lakini mhakikishe vimeisha kabla ya siku ya bustani, maana pale mlangoni wanapekua na chakula cha nje hakiingii. Mlinzi aliinusa michembe ya mama yangu akauliza hii ni dawa ya nini. Mama alimjibu kwa Kisukuma, na jibu lenyewe sitakutafsiria, nina wateja hapa.

La pili ni nguo. Huingii majini na gauni, wala na kaptura ya shule, wala na suruali uliyokunja. Wanataka nguo za kuogelea, na usipokuwa nazo wanakukodishia. Hilo hakuna aliyeniambia. Ningeambiwa ningebaki zangu dukani.

Sasa sikiliza vizuri. Mama yangu anaitwa Nyanjige. Tulizaliwa wanne kwake, nikabaki mimi. Baba alipofariki, mama akabaki Zagayu peke yake na ng'ombe wachache na kishamba cha pamba. Mwaka ule alianguka akitoka kisimani, akalala pale njiani na ndoo yake mpaka wachungaji walipompitia jioni. Na wewe unajua maneno ya watu wa kwetu. Mwanamke mzee akae peke yake, macho yawe mekundu kwa moshi wa kuni tu, wanaanza kumtazama vibaya, kama mchawi. Nilikuwa silali. Nikamfuata, nikamwambia, "Mayu, njoo kwangu Somanda tukae wote." Alinitazama kama nimemtukana.

"Nikalale nyumba ya mkwe wangu? Anione nikitoka kuoga? Scola, wewe nilikulea mimi au ulijilea?"

Na mkwe mwenyewe, Januarius wangu, ndio yale yale. Tangu anioe hajawahi kutia tonge mdomoni mbele ya mama. Wakikutana njiani, Januarius anaingia shambani kwa watu, anasimama katikati ya mahindi na viatu vyake vya kung'aa mpaka mama apite. Mama akija kutusalimia analala kwa Mayala, jirani. Salamu anampa binti yetu: "Nancy, mwambie baba yako mwadila." Baba yake yuko nyuma ya mlango, anasikia kila neno, naye anasema, "Nancy, mwambie bibi yako mwadila." Mtoto anakwenda na kurudi kama tarishi. Koo nyingine siku hizi mkwe anatoa mbuzi, mwiko unalegezwa. Hawa wawili, ukiwatajia mbuzi, kila mmoja anarudi nyuma hatua nyingine.

Nikasema moyoni, hii heshima itaniulia mama.

Ndipo ikaja habari ya bustani. Ushirika ulikuwa umelegea, makampuni binafsi yanagombania pamba kila kijiji, na Januarius alikuwa wakala wa moja. Msimu ulikwenda vizuri. Watoto walikuwa wameiona bustani kwenye televisheni ya hoteli moja yenye dishi, wakatusumbua mpaka baba yao akakubali. Masalu, huyu mdogo, akaahidiwa kwamba atateleza kwenye bomba amepakatwa na baba mwenyewe. Mimi nikaona mlango umefunguka. Nikasema, na bibi twende naye. Mpango wangu ulikuwa huu: treni moja, nyumba moja kwa shemeji Anatoli kule Dar, kucheza pamoja, wakirudi wamezoeana, mama anahamia Somanda. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi wakati ule nilikuwa na kipara.

Aliyemshawishi mama ni Nancy. Alimwambia, "Bibi, kule kuna mto unazunguka tu, hauendi popote." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema huo ni uongo, na yeye uongo wa aina hiyo lazima auone kwa macho.

Kwenye treni mambo yalikwenda safi, nikajipongeza. Kumbe hawakuwa wamezoeana, hawakuwa wameonana! Chumba cha wanawake huku, cha wanaume kule. Kwa Anatoli vilevile, Januarius alikuwa anatoka alfajiri na kurudi tumekwisha kulala. Basi ikafika siku ya bustani.

Januarius alivaa suti. Suti, Felisita, na tai, kwenye joto la Dar! Tukapita mlangoni, na mama wee, watu wako nusu uchi. Wanaume wazima na vichupi, akina mama wa heshima zao mapaja nje. Nilimtazama mama nikijua sasa atazimia. Alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya khanga, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Mayu, huoni vibaya?"

"Nione vibaya kwa nini? Wale si wakwe zangu."

Tukampatia kiti cha plastiki kivulini. Masalu tayari anamvuta baba yake: baba, bomba, baba, bomba. Mfanyakazi akasema na suti huingii, akamletea Januarius kaptura ya kukodi, fupi hasa. Mume wangu akaitazama ile kaptura. Akatazama upande alipokaa mama. Akairudisha.

"Siwezi," akasema.

Masalu akajitupa kwenye sementi, akapiga kelele mpaka watu wakatoka majini kutazama. Mori ukanipanda. Mimi hasira zangu unazijua, zikija haziombi njia. Nikamwambia, "Yaani umetutoa Somanda, tumelala kwenye treni, mtoto umemwahidi, halafu unaona aibu ya magoti?"

Akanijibu polepole, "Scola, si aibu. Yule ni mama yako."

"Basi mama yangu atafia Zagayu peke yake kwa hizo heshima zako!"

Nililisema kwa sauti. Lilipotoka mdomoni nilitamani ardhi ipasuke. Mama alisikia, Januarius akajua kwamba mama amesikia, na mimi nikabaki nimesimama hapo na mtoto anagaragara miguuni. Nikajua mambo yamekwisha. Mama atapanda treni arudi Zagayu, na kwangu hatakanyaga tena hata kwa salamu.

Mama akainuka. Hakunitazama. Akakibeba kile kiti chake mwenyewe, akakipeleka mpaka nyuma ya banda la chipsi, kwenye ukuta mweupe usio na hata picha. Akakiweka uso wake ukielekea ukuta, akakaa, akatengeneza khanga. Kisha akamwita Nancy.

"Mwambie baba yako bibi anatazama ukuta. Aingie na mtoto wake."

Nancy akapeleka. Januarius alisita, akaona kweli mgongo wa mama, akachukua kaptura.

Nikamfuata mama pale ukutani. Nikamwambia, "Mayu, geuka basi, kaa hata upande. Umekuja kuona mto."

"Nikigeuka nitaona kisichonihusu. Niache." Kisha akauliza, "Mtoto amenyamaza?"

"Amenyamaza. Wanapanda ngazi."

"Yule mwanaume anaogopa?"

Nikatazama juu. Januarius alikuwa ameshika chuma cha ngazi kwa mikono yote miwili, na watoto wa watu wanampita. "Anaogopa sana, mayu."

Mama akacheka, anacheka na ukuta. "Nisimulie basi."

Nikasimama nyuma yake nikamsimulia. Sasa wamefika juu. Sasa amekaa, Masalu yuko katikati ya miguu yake. Sasa amebadilisha mawazo, anataka kuinuka. Sasa mfanyakazi amemsukuma. Na hapo Januarius wangu, wakala mzima wa pamba, akapiga ukelele bustani yote ikageuka.

"Hiyo nimeisikia mwenyewe," mama akasema.

Walirudia, na wakarudia tena. Ukishaonja lile bomba, hofu inaisha inabaki tamaa. Kivuli kilihama, jua likampiga mama shingoni, nikamfunika mabega kwa kitenge. Nilimletea soda, akainywa akiutazama ukuta. Hasira zangu zote ziliisha pale, Felisita. Nilimtazama yule bibi, amesafiri kutoka Zagayu kwa hamu ya mto unaozunguka, mto uko nyuma yake, anasikia watu wanaufurahia, na hageuki, ili mkwe wake atimize ahadi kwa mtoto. Nilikuwa nimesema kwamba heshima yao itamuua. Sikuwa nimeelewa kwamba hao wawili wanapendana.

Mchana ukiwa umesogea Januarius akaja, amekwisha kuvaa suti na tai yake, maji yanachuruzika kichwani. Akauliza mama amekula nini. Nikamwambia soda. Akauliza amekwisha kuuona mto. Nikamwambia mama hajauona mto wala kitu kingine chochote zaidi ya huo ukuta, tangu yeye alipoingia majini mpaka alipotoka.

Alikuwa hajui. Alidhani mama ametazama ukuta wakati anavua nguo tu, kisha akaenda kukaa mahali pengine na wanawake wenzake. Akambeba Masalu, ambaye alikuwa bado anataka bomba na analia kwelikweli, akamwita Nancy.

"Kamwambie bibi yako: baba ametoka nje ya geti, anatazama barabara. Hatageuka. Aende kwenye mto wake."

Mlinzi alimwambia akitoka harudi tena ndani siku hiyo, tiketi inakuwa imekufa. Januarius akasema sawa.

Mama alipoambiwa, aliinuka akanyoosha mgongo. Kulikuwa na binti mfanyakazi, Mungu ambariki, akamtafutia nguo ya kuogelea kubwa kuliko zote, akamzungushia taulo mpaka ukingoni. Wakamkalisha kwenye tairi, Nancy kwenye lake wakishikana mikono. Maji yakawachukua. Mwanzoni mama alifumba macho. Walipozunguka na kurudi niliposimama alikuwa ameyafumbua, anatazama huku na huku.

"Scola!" akaniita. "Bado tupo hapa hapa!"

Wakapita, wakazunguka, wakarudi. "Scola, tumefika tena!" Watu ukingoni wakaanza kumpungia mkono, naye akawapungia. Sijawahi kumwona mama amefurahi vile, hata siku ya harusi yangu. Nilimpenda siku ile mpaka kifua kikauma.

Tulipotoka, Januarius alikuwa amesimama palepale nje, suti mwilini, jua kichwani, uso barabarani, Masalu amelala begani. Mlinzi akaniambia, "Huyu mzee nimempa kiti amekataa, anasema akikaa atasahau ageuke." Mama akasimama mbali kidogo nyuma yake, kama kawaida yao, akatuma shukrani.

"Nancy, mwambie baba yako wabeja."

"Nancy, mwambie bibi yako wabeja yeye."

Nikajua ndio imeisha hapo. Tutarudi, mama atakwenda Zagayu, mwaka mwingine ataanguka tena na siku hiyo hatapita mtu. Nikaanza kutafuta mkoba wangu ili nisilie. Ndipo Januarius akasema tena, bado ametupa mgongo.

"Nancy, mwambie bibi yako hivi. Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja kinauzwa. Nitajenga chumba na jiko na choo chake, na ukuta mrefu katikati, na geti lake lifungukie barabara ya upande ule mwingine. Hatapita kwangu, wala mimi sitapita kwake. Ila akianguka, au akiita tu, nitavunja ukuta."

Nancy akageuka kuupeleka ujumbe, lakini mama alimshika bega akamzuia. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, mama alizungumza na ule mgongo yeye mwenyewe.

"Jenga, mwanangu," akasema.

Nililia palepale barabarani, walinzi wananitazama, sikujali. Januarius hakugeuka. Aliitikia, "Ndiyo, mama."

Kwa hiyo mama yako mpeleke, Felisita. Mpeleke! Ila kateni tiketi za siku mbili, siku moja aingie mumeo na watoto, siku nyingine muingie ninyi wanawake. Haya, inuka sasa, chagua kitenge. Chagua na cha mama yako, hicho nitakupunguzia, na akifika kwenye ule mto mwache azunguke mpaka achoke mwenyewe.