Mguu wa Myrtle

"Hachechemei," Hilary alisema kwa mara nyingine, akilitua birika mezani kwa kishindo. "Anakanyaga kwa uangalifu. Hata wewe ukiamka asubuhi unakanyaga kwa uangalifu, na hakuna aliyekuita mgonjwa."

"Mke wangu, mbwa ana miguu minne na anatumia mitatu," Clifford alijibu. "Huo si uangalifu."

"Basi usiitazame miguu mpaka Jumamosi!"

Myrtle, mwenye mguu uliokuwa ukibishaniwa, alisimama katikati ya jiko akiwatazama kwa zamu, kama mgeni aliyefumania ugomvi wa wenyeji akakosa pa kuweka macho. Nyuma yake alijibanza dada yake, Pansy. Walikuwa mbwa wa mbio waliostaafishwa, warefu, wembamba, wamechanjwa alama ndani ya masikio. Tangu watolewe kwenye kituo cha kuokolea mbwa walikuwa wakijifunza mambo ya nyumbani kama watu waliotoka kifungoni: kwamba kioo cha mlango hakipitiki, kwamba ngazi hupandwa, kwamba chakula kilicholiwa leo kitakuwepo na kesho.

Kuchagua mbwa hakukuwa kazi. Clifford alipiga magoti, Pansy akamwekea kidevu begani, Myrtle akaja kuona kuna nini, na shauri likaishia hapo. Kilichomtoa Hilary jasho ni bima. Clifford alitaka ile rahisi inayolipia ajali peke yake. Binti yao, Bryony, alitaka ile yenye picha ya mbwa aliyevaa miwani. Kampuni moja haikutaka kusikia habari za meno, na mbwa wa mbio huharibika meno kabla ya kitu kingine chochote. Nyingine ilitibu ugonjwa mwaka mmoja, kisha ikajifanya haiujui. Hilary alisoma maandishi madogo mpaka macho yakamwasha, akapiga simu na kuchezewa muziki sikioni hadi chai ikapoa. Mwishowe alichukua bima ya maisha yote ya mbwa, akajiona mshindi.

Ila ilikuwa na kipindi cha kungoja. Ajali zilikwisha kuanza kulipiwa, lakini maradhi yangelipiwa kuanzia Jumamosi. Ugonjwa wowote utakaoonekana kabla ya hapo ungehesabiwa kuwa mbwa alikuja nao, usilipiwe kamwe. Na Myrtle alianza kuinua mguu Jumapili.

Hilary akatoa amri. Asiitwe daktari. Matembezi yawe uchochoro wa nyuma, kwa sababu Lorraine, muuguzi wa zahanati ya wanyama, aliishi mtaa huohuo. Mtu akiuliza hali ya mbwa, jibu ni moja: "Siyo mbaya."

Hilo halikumsumbua mtu. Mjini kwao, Halifax, watu husema "siyo mbaya" hata wakiwa wamelazwa. Marehemu baba yake Hilary aliwajibu hivyo wauguzi asubuhi aliyofariki.

Bryony aliingia akitafuna mkate, akamtazama Myrtle, akamtazama mama yake. "Bado tunaigiza?"

"Wewe kula mkate wako."

"Mama, huyu anatembea kama mtu aliyepoteza kiatu kimoja. Hata kipofu ataona."

"Kipofu hafanyi kazi kwenye kampuni ya bima!" Hilary alifoka. "Mnadhani ninafurahi? Nyie wawili mlichagua mbwa kwa mapenzi, mimi nikaachiwa maandishi madogo. Mtu mmoja nyumba hii lazima awe na akili!"

Clifford aliinama kuokota bakuli la maji, akalinyanyua kwa mkono wa kushoto, nusu ya maji ikamwagika. Myrtle akaona sauti imetulia, akamwendea Hilary. Alikwenda akitikisa mkia, na alipomfikia aliushusha mguu sakafuni, akausimamisha pale, kama mtoto anayeonyesha daftari safi kwa mwalimu mkali. Mguu ulikuwa ukitetemeka.

Hilary akachutama. Aliupapasa polepole kuanzia begani. Juu ya kifundo palikuwa pamevimba na pana moto. Myrtle hakulia, hakuuvuta. Alimlamba Hilary kiganja, akaendelea kuusimamia.

Nani alimfundisha kunyamaza hivi? Hilary aliwaza, na mawazo yake yakaenda kwenye viwanja vya mbio, kwa watu asiowajua, akawakasirikia kwa raha zote. Kisha hasira ikamrudia mwenyewe. Tangu Jumapili, somo hilohilo lilikuwa likifundishwa jikoni kwake.

Akasimama. "Clifford, funguo za gari."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi itakuja yenyewe. Funguo!"

"Subirini kwanza," Bryony alisema. "Ajali si zinalipiwa? Semeni kaanguka ngazini asubuhi hii. Kwisha."

Lilikuwa wazo safi. Hilary alishangaa kwa nini halikumjia yeye. Alilipima upande huu na ule huku akivaa koti, akalifunga mpaka kifungo cha mwisho.

"Daktari akiambiwa kaanguka, atatibu kuanguka," alisema. "Sitaki huyu atibiwe uongo wangu. Fungua mlango."

Pansy hakukubali kuachwa, kwa hiyo walikwenda wote. Zahanati ilinuka dawa na manyoya yaliyolowa mvua. Lorraine alitoka nyuma ya kaunta akifuta mikono.

"Mguu gani, mpenzi?"

"Wa mbele, kulia."

"Umeanza lini?"

Clifford alitazama viatu vyake.

"Jumapili," Hilary akasema.

Lorraine hakuandika. Alijua tarehe za bima za mtaa mzima. "Una hakika, Hilary? Wengine huwa hawakumbuki vizuri."

"Mimi nakumbuka. Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Andika."

Lorraine akaandika. Hilary aliitazama kalamu mpaka ikatua, ndipo akageuka kumtafuta mumewe. Alikuwa amesimama dirishani, Pansy ameegemea paja lake. Kamba zote mbili alizishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliubana kifuani, bega limeinuka, kama aliyebeba yai.

"Na hilo bega?" Hilary aliuliza.

"Siyo mbaya."

"Clifford."

Myrtle alikuwa ameinua mguu tena, waziwazi, mbele ya kila mtu.

"Linauma," Clifford akasema.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mbwa."

Hilary alimsogelea, akampokonya kamba zote mbili. Kwa mkono uliobaki alikwisha kuitoa simu mfukoni, akampigia daktari wa watu, akaiweka sikioni, akasimama hivyo akisikiliza muziki.